Nimelala usiku 3 kwenye hema msitu wa Superior, Minnesota: hakuna bomba, hakuna umeme, hakuna mtandao. Ulizeni

#1 Mbondei Ughaibuni

Wakuu heshima kwenu.

Mwezi wa 6 niliahidi humu kwamba kabla baridi haijafunga nitakwenda kupiga kambi porini na kuleta mrejesho. Nimerudi Jumapili usiku. Nguo zinanuka moshi mpaka mama watoto kazitupa barazani, na kidole gumba kina lengelenge la shoka. Ahadi ni deni, nimekuja kulipa.

Kwanza ni wapi. Naishi Minneapolis. Unashika I-35 kaskazini kama kilomita 250 mpaka Duluth, halafu barabara ya 61 inayoambaa na Ziwa Superior, kilomita 130 na ushei, hadi kijiji cha Tofte. Hapo jaza mafuta hata kama tangi lina robo tatu. Kutoka Tofte unaliacha ziwa, unapanda njia ya Sawbill, mbele unaingia changarawe. Baada ya hapo ni miti, maziwa madogo, miti. Simu ilikata mapema kabisa na haikurudi hadi tuliposhuka Jumapili.

Huu ni msitu wa taifa, umetangazwa mwaka 1909 enzi za Theodore Roosevelt. Msichanganye na hifadhi ya taifa. Kwa hesabu za nyumbani, hifadhi ni kama TANAPA, msitu ni kama TFS. Hata wizara ni mbili: hifadhi ziko Mambo ya Ndani, misitu iko Kilimo. Ndiyo maana msituni watu wanavuna mbao, wanawinda, wanaokota kuni, na mtu anaweza kulala bila kupita geti lolote.

Kambi zenyewe ziko za aina mbili. Ziko za kulipia, zina maji ya bomba na msimamizi. Halafu ziko hizi za kishamba (huku wanaziita hivyo wenyewe, si tusi): bure, hakuna kuweka nafasi, anayewahi ndiye anayelala. Unakuta uwazi wa hema, meza ya mbao, chuma cha kuzunguka moto, na choo cha shimo chenye kibanda. Basi. Maji ni ya ziwani, takataka unarudi nazo kwako. Mwisho wa kukaa ni siku 14.

Kambi niliyolala mimi ina nafasi zisizozidi vidole vya mkono mmoja, kwa hiyo jina lake mtanisamehe. Mwaka jana mtu alitaja sehemu yake ya kuvulia kambale humu humu, mwezi uliofuata akakuta foleni.

Nilikwenda na shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, ana miezi 8 tu toka atue kutoka Mbagala. Tutamrudia huyu.

Naweka chai jikoni, nitaendelea.

#2 Kiti Moto Cha Mbele

Natia kambi hapa mkuu. Kambi ya uzi lakini, si ya dubu.

#3 Bi Mkora

Nimeelewa sawasawa? Umepanda ndege, umepata makaratasi, umepata kazi, umenunua gari, halafu ukaendesha kilomita mia tatu themanini kwenda kwenye choo cha shimo na kuni? Si ungebaki Muheza tu baba.

#4 Mjukuu wa Chifu

Bi Mkora nimecheka hadi bosi kageuka. Bibi yangu Mbozi anapiga kambi kila siku tangu 1951 na hajawahi kuandika uzi.

#5 Mbondei Ughaibuni

Chekeni, zamu yenu itafika.

Nianze na kuni, maana ndizo zilizonifundisha adabu. Jirani yangu alikata mti wa eshi uani kwake, akanipa magogo. Nikayapasua, nikapakia buti zima. Nikajiona mtoto wa mjini niliyetoka shamba, hawa Wazungu watanunua vifurushi vya kuni dukani, mimi ninazo za bure.

Tofte, kwenye mafuta, mzee mmoja akachungulia buti lililokuwa wazi. Akauliza kwa upole, hizo kuni ni za wapi? Nikasema Minneapolis. Akanionyesha bango ukutani. Kumbe kuni hazisafiri! Kuna mdudu, sijui nimuiteje, ni bungua wa rangi ya zumaridi aliyetoka Asia. Alionekana Michigan mwaka 2002, Minnesota akafika 2009. Buu lake linakula chini ya gome la mti wa eshi, linakata njia ya maji na chakula, mti unakufa umesimama. Amekwishaua miti mamilioni kwa mamilioni. Kuruka mwenyewe haendi mbali kwa mwaka. Anayembeba ni mimi na buti langu.

Kanuni: nunua kuni karibu na pale utakapozichomea, au zilizokaushwa kwenye tanuri zenye lebo. Nikanunua vifurushi viwili. Zangu hazikushuka. Zilikaa kwenye buti siku zote tatu, zikarudi Minneapolis. Kuni zangu zimetalii.

#6 Kuni Mbichi

Kuni zinadaiwa pasipoti sasa 😂 halafu kuna mtu kijijini anasema maisha ya Ulaya ni raha.

#7 Mjukuu wa Chifu

Ni Marekani siyo Ulaya.

#8 Kuni Mbichi

Kote ni ng'ambo.

#9 Mbondei Ughaibuni

Vifurushi viwili vikaisha usiku wa kwanza, maana msonobari mkavu unawaka kama petroli. Msituni unaruhusiwa kuokota kuni zilizokufa na kulala chini, kwa moto wa pale pale. Kukata mti uliosimama ni kosa. Sawa, nikasema kesho nitaokota.

Saa nane usiku mvua ikaanza. Haikuwa kubwa, ni ile rasharasha ya kuudhi, ikanyesha hadi saa nne asubuhi. Kila kilicholala chini kikawa kimelowa chapachapa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu bibi. Yeye wakati wa vuli alikuwa haokoti kuni za chini. Anavunja vijiti vikavu vilivyokufa huku bado vimeshikilia shina, chini ya matawi mabichi, mahali mvua haifiki. Miberoshi na misonobari ya huku inavyo tele, vyembamba kama njiti, ukikunja vinalia *ta!* Kisicholia, acha. Juu yake gome la birchi, mti mweupe unaobanduka kama karatasi. Lile gome lina mafuta, linawaka hata likiwa limelowa. Ila chukua la mti ulioanguka tu. Ukibandua mti ulio hai unauachia kovu jeusi la maisha, na karibu na kila kambi utaona miti iliyovuliwa nguo na watu wasio na haya.

Halafu yale magogo yaliyolowa, pasua. Maji ya mvua ya usiku mmoja hayaingii moyoni. Toa ngozi ya nje, ndani pakavu. Lengelenge langu linatoka hapo.

Shemeji wakati huo yuko ndani ya gari na kioo kimefungwa, anaangalia kama dubu anakuja.

#10 Sambaa Asilia

Bibi yako alikuwa mtu. Sisi Lushoto mvua za Machi mpaka Mei bila ujanja huo hunywi chai.

Ila mkuu nikuchokoze kidogo. Wewe wa Muheza. Juu ya kichwa chako kuna Amani, hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, bustani ya mimea ya Wajerumani ya mwaka 1902, na sehemu ya hema ipo. Umewahi kulala?

#11 Mbondei Ughaibuni

Sijawahi. Nilikwenda mara moja na shule, kwenye lori, tukarudi jioni.

#12 Sambaa Asilia

Nilijua. Mimi nafanya kazi za kuongoza wageni msitu wa Magamba, huku Lushoto. Nikihesabu hema kumi, Watanzania labda moja, na hao ni wanafunzi wa misitu. Watu wa Dar wanakuja, wanapiga picha na pango la Wajerumani, wanauliza hoteli iko wapi. Ada ya mwananchi ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni, ulizeni TFS kabla hamjapanda. Mbega weusi kwa weupe mnawaona bure asubuhi. Lakini Juni na Julai njooni na blanketi la maana, zaidi ya mita 2,000 si mchezo.

#13 Kiti Moto Cha Mbele

Kwani huko Minnesota kuna milima mkuu?

#14 Mbondei Ughaibuni

Mkuu nilikuwa nasubiri uulize. Mlima mrefu kuliko yote wa jimbo zima uko msitu huo huo, unaitwa Eagle Mountain. Mita 701.

#15 Sambaa Asilia

Mita 701?? Lushoto *mjini*, sokoni, penye viazi, ni kama 1,400.

#16 Mjukuu wa Chifu

Mlima unazidiwa na soko 😭😭

#17 Mbondei Ughaibuni

Waachieni, wana ziwa. Superior ndilo ziwa la maji baridi lenye eneo kubwa kuliko yote duniani, Victoria letu linashika la pili. Na lile wimbi lake si la ziwa, ni la bahari.

#18 Nesi wa Usiku

Mbondei, mimi niko St. Cloud, jirani yako. Umesema maji ni ya ziwani. Umeyanywaje? Naomba jibu lisiwe la kishujaa.

#19 Mbondei Ughaibuni

Dada shikamoo. Nilikuwa na chujio la kubinya na bado nikachemsha. Maji yale yana rangi ya chai ya rangi, kutokana na majani na magome yanayolowekwa kwenye mabwawa. Shemeji alipoyaona kwenye sufuria akauliza kama nimeshatia majani.

#20 Kuni Mbichi

Uzi wenyewe chai, maji yenyewe chai 😂

#21 Nesi wa Usiku

Marahaba. Umefanya vizuri. Rangi haina shida. Shida ni kidudu cha giardia, kinatoka kwenye kinyesi cha wanyama na watu, na maji yake yanaweza kuwa meupe ya kumetameta. Yakichemka kwelikweli dakika 1 inatosha kwa nyanda za chini kama huko. Usipochemsha, wiki moja au mbili baadaye unaanza kuharisha na kujamba harufu ya yai bovu, na utasingizia mgahawa.

La pili ni kupe. Watu wanaogopa dubu, mimi wodini sijawahi kumpokea mtu wa dubu, wa kupe nawapokea kila kiangazi. Yule kupe wa paa (mnyama, si paa la nyumba) akiwa mchanga ni mdogo kuliko mbegu ya ufuta. Anabeba ugonjwa wa Lyme. Kwa kawaida anahitaji zaidi ya siku nzima akiwa amekung'ata ndipo akuambukize, kwa hiyo kila jioni jikagueni: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Mtoe kwa kibano kidogo, shika karibu kabisa na ngozi, vuta wima bila kupindisha. Mambo ya kumpaka mafuta au kumchoma na kiberiti acheni. Ukiona duara jekundu linatanuka kwenye ngozi, au homa, mwambie daktari ulikuwa msituni. Kwenye ngozi yetu nyeusi lile duara halionekani jekundu kama picha za vitabuni, linaweza kuwa kama kivuli au jeraha la zamani, na watu wetu wanachelewa kwa sababu hiyo.

#22 Bi Mkora

Asante nesi. Nimeanza kujikagua na niko Kinondoni.

#23 Al-Mazrui wa Seeb

Asalaam aleikum. Mie niko Oman, huku kulala jangwani ndiyo starehe yetu ya Alkhamisi. Swali langu, kibla huko mlikipataje bila mtandao?

#24 Mbondei Ughaibuni

Waaleikum salaam. Dira ndogo ya mkononi. Kutoka huku kibla ni kaskazini-mashariki, wageni wanabisha sana maana ramani ya ukutani inawaonyesha kusini-mashariki. Kipande cha jiwe bapa pembeni mwa ziwa ndicho kilikuwa msala wetu. Alfajiri ile na ukungu juu ya maji, na wale ndege wanaoitwa luni wanalia kama mtu anacheka msibani... sitaki kuongeza neno.

Baridi sasa. Mwisho wa Septemba, usiku wa kwanza ulishuka nyuzi 2. Begi langu la kulalia limeandikwa 40, kwa hesabu zao, yaani nyuzi 4 zetu. Nikasema tofauti ya mbili si kitu. Wakuu, namba ile kwa mabegi mengi ndipo unaponusurika, usingizi uko juu zaidi ya hapo. Kosa kubwa zaidi lilikuwa chini. Nilibeba godoro la kupuliza, lile la wageni wa ghafla nyumbani. Ndani ni hewa tupu, na ile hewa inapoa na ardhi, kwa hiyo nimelala juu ya friji. Saa tisa usiku niliingia kwenye gari niwashe hita, nikamkuta shemeji ameshatangulia.

Usiku wa pili nikatoa mazulia ya miguuni ya gari yote manne, nikayatandika, juu yake boksi la kadibodi nililolichana, juu yake mkeka, ndipo begi. Nikachemsha maji nikatia kwenye chupa ya chuma, nikaivalisha soksi, nikalala nayo miguuni. Kofia ya sufu kichwani. Nililala mpaka saa moja asubuhi kama nimelipiwa. Jinzi yangu niliyolowanisha usiku wa kwanza ilikuwa bado mbichi siku tunaondoka. Sufu au nailoni, pamba waachieni wanaokwenda Kunduchi.

#25 Kiti Moto Cha Mbele

Dubu sasa. Umezungukazunguka, leta dubu.

#26 Mbondei Ughaibuni

Dubu hakuja.

Naona mmenuna. Lakini sikilizeni kwa nini angekuja. Shemeji alifunga kwa siri, ndani ya begi lake la nguo, dagaa wa Kigoma wa kukaanga, kilo nzima, na pilipili. Anasema hawezi kula vyakula vya makopo siku tatu. Na begi kaliweka ndani ya hema, kwenye mto. Dubu weusi wa huku pua yao inasemekana inapita ya mbwa. Nilihisi harufu saa mbili usiku nikajua tumekwisha.

Utaratibu ni kwamba kila chenye harufu kinalala kwenye gari lililofungwa: chakula, sufuria iliyoungua, dawa ya meno, sabuni, mafuta ya nazi ya kupaka, hata mfuko wa takataka. Ukienda kwa mtumbwi ndani zaidi, kule Boundary Waters ambako gari halifiki, tangu 2024 ni amri: pipa maalumu asiloweza kulifungua dubu, au uning'inize futi 12 kutoka chini na futi 6 kutoka kwenye shina. Dubu akishaonja chakula cha mtu mara moja anarudi, na akizoea kurudi mwisho wake ni risasi. Kwa hiyo dagaa wangeua mnyama, si shemeji.

Waliotutembelea ni kindi wekundu, wakatoboa mfuko wa karanga mchana kweupe huku wanatutukana. Na mbwa mwitu tuliwasikia mara moja, mbali. Minnesota kaskazini ndiko walikonusurika walipomalizwa karibu kila mahali pengine pa Marekani bara ukiacha Alaska. Musi hatukumwona, tuliona nyayo tu matopeni, kubwa kama sahani ya chai.

#27 Mjukuu wa Chifu

Musi ndiyo nani?

#28 Mbondei Ughaibuni

Mchukue pofu, mnyooshe miguu, mvimbishe pua, mvalishe koleo mbili kichwani.

#29 Dereva wa Tela

Mkuu naomba niulize ambalo wengine wanaona haya. Mtu mweusi, wawili, porini, Wazungu wana bunduki na bendera zao. Hukuogopa? Mimi naendesha majimbo 30, kuna vituo sishuki usiku.

#30 Mbondei Ughaibuni

Niliogopa. Sitakudanganya. Tulipofika kulikuwa na gari kubwa nafasi ya jirani, wazee wawili na kofia za kuwindia, na nilikaa kwenye usukani dakika tano kabla ya kushuka. Mmoja akaja, akauliza kama tuna shoka, la kwake mpini umevunjika. Tukamwazima. Jioni akarudisha na samaki wawili wameparwa magamba. Shemeji akawakaanga kwa mafuta ya wale dagaa.

Hilo ni la kambi moja, wiki moja. Siwezi kukusemea msitu mwingine. Niliwaachia watu wawili ratiba kwa maandishi: njia ipi, kambi ipi, nisipopiga simu Jumapili saa nne usiku piga kwa sherifu wa kaunti hii. Na mwezi ule ni wa uwindaji, dubu unafunguliwa mwanzoni mwa Septemba na ndege wa porini katikati ya mwezi, kwa hiyo vaa rangi ya chungwa inayopiga kelele. Shemeji alivaa fulana ya msaidizi wa barabarani.

#31 Dereva wa Tela

Nimekuelewa. Hiyo dakika tano kwenye usukani naijua.

#32 Mtu wa Fizi

Nimesoma kutoka juu hadi hapa bila kuandika. Naandika sasa.

Mimi niliingia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Kigoma, mwaka 1996 nikiwa na miaka 7, tulivuka ziwa kutoka Fizi, Kongo. Nimetoka 2015. Hapo mwanzo tulilala kwenye turubai, nyeupe, maandishi ya bluu. Kuni mama alizifuata nje ya kambi na kila mtu anajua yaliyowapata wanawake njiani, sitaandika. Mkisema "kambi" mimi nasikia kitu kingine. Watoto wangu wamezaliwa hapa Kentucky, shule inawapeleka kulala kwenye hema na wanashangilia. Wananiuliza baba mbona hutaki kuja. Sina ubaya na mleta uzi, nimecheka dagaa. Nasema tu kuna watu kulala kwenye hema walishamaliza.

#33 Mbondei Ughaibuni

Kaka, nimekaa na ujumbe wako tangu asubuhi. Sina la kujibu. Nilipoandika "hakuna bomba, hakuna umeme" pale juu nilikuwa najisifu.

#34 Mtu wa Fizi

Usijali ndugu. Ila kwa kuwa umeleta somo, swali la ufundi: ulisema mvua ilinyesha mpaka saa nne. Ulichimba mfereji kuzunguka hema? Sisi hema bila mfereji ni bwawa.

#35 Mbondei Ughaibuni

Huku hawaruhusu kuchimba. Ardhi ile ni udongo kiganja kimoja juu ya mwamba, ukichimba mvua inaukokota wote ziwani. Wanataka uondoke mahali pabaki kama ulivyopakuta. Kusema kweli upande wa miguuni maji yaliingia.

#36 Mtu wa Fizi

Basi ulisimika mahali pabaya. Watu wanapenda pale palipo laini na bapa, na palipo laini na bapa ndipo maji yalipopalainisha. Angalia majani makavu yamekusanyika wapi, hapo ndipo maji hutua. Panda juu hatua tatu hata kama kuna mwinamo kidogo, lala kichwa upande wa juu. Turubai la chini lisichungulie nje ya hema hata nchi moja, likichungulia linakinga maji na kuyaleta chini yako. Kamba vuta tena kabla ya kulala, maana nailoni ikilowa inalegea. Na mlango uupe mgongo upepo. Hivyo tu.

#37 Sambaa Asilia

Nondo hizo. Turubai la chini kuchungulia nje ni kosa la wageni wangu wote.

#38 Mbondei Ughaibuni

Langu lilichungulia. Kiganja kizima, pande zote nne.

La mwisho kwangu, moto, kwa wale watakaokwenda. Kabla ya kuondoka usifukie kwa mchanga, makaa yanakaa hai chini siku kadhaa. Mwaga maji mpaka pasisikike *chwaa*, koroga kwa kijiti, mwaga tena, halafu pitisha kiganja juu, ukiona hakuna joto gusa. Kama huwezi kuugusa, huwezi kuuacha. Mei 2007 moto wa Ham Lake, msitu huo huo, ulianzia kwenye moto wa kambi, ukateketeza ekari kama 75,000 pande zote mbili za mpaka na Canada. Mimi nilimwaga ndoo sita. Shemeji akahesabu saba, ya saba ilikuwa ya wasiwasi.

#39 Bi Mkora

Na huyo shemeji atakwenda tena?

#40 Mbondei Ughaibuni

Ameshaagiza begi la kulalia la nyuzi sifuri. Dagaa anasema ataweka kwenye gari.

#41 Mtu wa Fizi

Wakuu ni wiki tatu zimepita, naufufua uzi kidogo.

Nilinunua hema ya watu wanne, ya bei ya chini. Jumamosi nikaisimika uani nyuma ya nyumba, watoto wakashika vigingi. Nililala nao mpaka kama saa sita usiku, nikashindwa, nikaingia ndani nikakaa dirishani nikiwaangalia. Wao walibaki mpaka asubuhi.

#42 Mbondei Ughaibuni

Mvua ilinyesha kaka?

#43 Mtu wa Fizi

Ilinyesha. Haikuingia.